Gofu la mnara kwa vijisanamu vya milimita 28: kukata, kujenga na kupaka rangi

Gofu tunalojenga hapa, mandhari ya michezo ya mezani inayochezwa kwa vijisanamu, ni kona moja ya mnara wa mawe uliobomoka: kuta mbili zinazokutana, mlango mmoja, sakafu ya mbao iliyobaki nusu, na kifusi chini. Tunajenga kuta mbili badala ya nne kwa sababu mkono wa mchezaji lazima uingie. Mnara uliofungwa pande zote hupendeza rafuni, lakini mezani kila zamu mtu atauinua achungulie ndani, na vijisanamu vitaanguka. Kona huficha, hukinga, hupandika, na jioni nne zinatosha kuimaliza, ukihesabu na muda wa kukausha.

Kuna jambo moja la kushika kabla hujagusa kisu: rangi haimwokoi aliyeharakisha kuchonga. Mbinu karibu zote za kupaka mandhari hutegemea brashi kavu, yaani brashi iliyofutwa hadi ibaki na rangi kidogo mno, na brashi kavu hushika penye ukingo na mwinuko tu. Jiwe lililo laini kama sabuni litabaki hivyohivyo hata ulipake rangi sita. Kwa hiyo toa theluthi mbili za muda wako kwa kisu, biki na mpira wa foili.

Vipimo kwanza

Milimita 28 ni urefu wa mtu kutoka nyayo hadi machoni. Ukiongeza utosi na kitako anachosimamia, kijisanamu cha binadamu hufika karibu mm 35. Ndiyo maana milango mingi ya wanaoanza huonekana ya kuinamia: waliipima kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kata mlango wenye kimo cha mm 45 na upana wa mm 35, vitako vya duara vya mm 25 na mm 32 vipite bila kukwaruza. Kama una mashujaa wa kitako cha mm 40, panua hadi mm 45.

Sakafu ya juu ikae mm 75 kutoka chini, yaani inchi 3, kwa sababu michezo mingi ya aina hii hupima mwendo na kupanda kwa inchi. Wanaocheza Dungeons & Dragons hutumia miraba ya inchi 1, kila mmoja ukiwa futi 5, basi chora sakafu ya ndani kwa mawe ya mm 25 na hutahitaji ramani juu yake.

Ngazi ya mawe yenye vipimo vya kweli ina vidato vya mm 5 au 6, na hakuna kitako kitakachosimama hapo. Ama vidato viwe vipana mm 30, au weka ngazi ya vijiti iliyoegeshwa ukutani iwe alama tu ya kwamba hapa panapandwa. Sisi tunapendelea ngazi ya vijiti.

Vifaa

- Foamu ngumu ya XPS, unene mm 20, kipande cha sm 40 × 30. Ni ile inayozuia joto kwenye vyumba vya baridi na mapaa ya zege. Mara nyingi ni ya bluu, waridi au manjano.
- Ubao wa chini, sm 22 × 19: hardibodi ya mm 3, au masalia ya ubao wa PVC kutoka kwa mafundi wa mabango.
- Gundi nyeupe ya mbao, ml 150.
- Rangi ya maji nyeusi ya ukutani, ml 100.
- Rangi za akriliki: kijivu, nyeupe, kahawia, kijani, na manjano ya udongo.
- Vijiti vya kukorogea kahawa 20, vijiti vya mishikaki 5.
- Mchanga kikombe kimoja, kokoto ndogo kiganja kimoja, puti ya ukuta vijiko vitatu.
- Kisu cha wembe unaosukumwa na kuvunjwa ncha, rula ya chuma, biki iliyokwisha wino, brashi ya waya, msasa namba 120, na foili ya jikoni.
- Brashi kuukuu ngumu ya mm 25, nyingine ndogo yenye ncha, na brashi laini ya duara ya kupakia poda usoni. Hii ya mwisho ni nzuri kuliko brashi nyingi za duka la sanaa kwa kazi ya brashi kavu.

Ile foamu nyeupe ya punje inayokuja na televisheni haifai kwa kuta. Wembe huing'oa punje badala ya kuikata, na punje huonekana chini ya rangi. Itumie kujaza vilima, kisha uifunike na puti. Ukikosa XPS kabisa, zile sinia nyepesi za foamu zinazowekewa nyama supamaketi hupokea mikwaruzo ya biki vizuri. Ni nyembamba, hivyo zibandike juu ya kadibodi ngumu.

Hatua ya 1: Chora mawe kabla ya kukata umbo

Ukuta wa mawe huvunjika kwenye viungo. Ukikata ukingo wa juu kwa mstari wa mshazari halafu ukachora mawe baadaye, utapata mawe yaliyokatwa katikati kama mkate, na jicho litakataa hata kabla mtu hajajua kwa nini. Basi anza na mistari.

Kata mistatili miwili: wa kwanza urefu mm 150 na kimo mm 160, wa pili urefu mm 120 na kimo mm 130. Laza wembe, usiusimamishe. Vuta polepole mara tatu, kila mara ukizama kidogo. Vunja ncha ya wembe baada ya mikato kumi na tano hivi. Foamu ikianza kuonyesha uso ulioraruka, tatizo ni wembe butu.

Kwa penseli piga mistari ya ulalo, ukichanganya vimo vya mm 8, 10 na 12. Kisha gawa kila mstari kwa mawe ya mm 15 hadi 25, ukipishanisha viungo kama fundi anavyopishanisha tofali: kiungo cha wima kisikutane na cha chini yake. Kwenye kona jiwe refu lifuatane na fupi, na mistari ya ulalo ya ukuta mmoja iendelee kwenye wa pili kwa kimo kilekile. Chora pande zote mbili za kila ukuta pamoja na ubavu unaoonekana, kwa sababu gofu huonekana ndani na nje.

Sasa kata ukingo wa juu ukifuata mawe, ngazi kwa ngazi, ukishuka kutoka kimo kamili cha kila ukuta kwenye kona hadi mm 20 mwishoni. Acha jiwe moja au mawili yamening'inia. Toa mlango, na juu yake chora jiwe moja refu la mm 50 linalobeba mzigo, maana mawe madogo hayawezi kukaa juu ya uwazi bila jiwe hilo au tao.

Hatua ya 2: Kuchonga

Pitisha ncha ya wembe juu ya kila mstari, kina cha mm 1 tu. Kisha fuata mkato huo kwa biki, ukiegemea kidogo. Mkato hufungua foamu, biki huipanua na kuiviringisha ukingoni. Biki peke yake kwenye foamu ngumu hurukaruka na kurarua, na wembe peke yake huacha mfereji mwembamba ambao rangi itauziba.

Mistari ikikamilika, chukua kila jiwe kivyake. Yasukume mengine ndani kwa mm 1 kwa kidole au kwa kipande cha kijiti, karibu jiwe moja kati ya matano. Kata pembe za machache, pasua nyufa kwa ncha ya wembe kisha uzifungue kwa biki. Mwisho, kunja foili iwe mpira wa ukubwa wa limau, isiwe laini, na uugandamize ukutani ukiuzungusha kila mara ili alama isijirudie. Kwenye sehemu za chini, ambako mvua hurukia na watu husugua mabega, ongeza jiwe halisi lenye ncha na ubonyeze kwa nguvu zaidi.

Shika ukuta karibu na taa inayotoka ubavuni. Kila jiwe linapaswa kuonyesha kivuli chake. Lisiloonyesha, rudi nalo.

Usitupe masalia. Yakate vipande vya mm 10 × 10 × 20, uviweke kwenye kopo pamoja na kokoto kiganja kimoja, ufunge, utikise dakika moja au mbili. Vitatoka vimepondeka pembe zote, na hicho ndicho kifusi chako. Kiasi chake kina hesabu: pengo la mm 60 × 100 ukutani ni mawe kama 30 ya mm 10 × 20 kila upande. Weka angalau nusu yake chini, mengi yakiwa chini kabisa ya pengo. Gofu lenye tundu kubwa na sakafu safi ni kosa tunaloliona kila mara, hata kwa mafundi wazuri.

Hatua ya 3: Kusimamisha

Kata kingo za ubao wa chini kwa mshazari wa nyuzi 45, usiwe na ngazi inayokwaza kitako. Kama ni hardibodi, upake gundi iliyochanganywa na maji pande zote mbili na uiache ikauke kabla ya kazi. Upande mmoja ukilowa peke yake, ubao hujikunja kama kigae, na baadaye hakuna dawa.

Bandika kuta kwa gundi ya mbao, ukichoma vijiti vya mishikaki vya mm 40: viwili kwenye kona kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na vitatu kutoka chini kwenda juu kupitia matundu ya ubao. Gundi ya mbao hukauka kwa hewa, na katikati ya foamu mbili hewa haipo, kwa hiyo inaweza kubaki mbichi siku mbili. Vijiti ndivyo vinavyoshika wakati huo. Bunduki ya gundi ya moto ni ya haraka, ila tumia ile ya joto la chini. Ya joto la juu huchimba shimo. Gundi za mpira za mafundi viatu na gundi yoyote yenye harufu ya petroli huyeyusha foamu hii ikawa ute.

Ziba mwanya wa kona kwa puti, kisha uendeleze mistari ya mawe kwa biki puti ikiwa bado mbichi.

Kwa sakafu ya juu, kwaruza vijiti vya kahawa kwa brashi ya waya kufuata urefu wa mbao kabla ya kubandika. Vunja ncha zake kwa koleo badala ya kuzikata kwa mkasi, zipate mipasuko. Zipange juu ya boriti tatu za vijiti vya mishikaki zilizochomekwa ukutani, ukipata pembetatu ya mm 80 × 70, inayotosha vitako vitatu vya mm 25. Halafu, kwenye kimo hicho hicho cha mm 75 upande ambao sakafu imeanguka, toboa matundu matatu matupu ya mm 4. Ni kitu kidogo, lakini ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba sakafu iliwahi kufika pale.

Hatua ya 4: Ardhi

Paka gundi, weka kifusi na kokoto kwanza, mchanga baadaye. Mchanga uwe wa saizi mbili, uliochekechwa na usiochekechwa. Ule wa pwani uoshe kwa maji baridi mara tatu na uanike, kwani chumvi huvuta unyevu na baada ya miezi hutoa ukungu mweupe juu ya rangi. Ukikauka, dondoshea mchanganyiko wa gundi sehemu 1 na maji sehemu 3, pamoja na tone la sabuni ya vyombo, hadi mchanga ulowe wote. Acha saa 24.

Hatua ya 5: Mkono wa kwanza

Changanya rangi ya maji nyeusi sehemu 2 na gundi ya mbao sehemu 1. Kwa gofu hili ml 40 kwa ml 20 zinatosha mikono miwili. Isukume kwa brashi ngumu ndani ya kila kiungo, chini ya sakafu, ndani ya matundu. Mkono wa kwanza ukauke saa nne, wa pili ulale usiku. Gundi hii huigeuza foamu laini kuwa na ganda linalostahimili kucha na kuanguka mezani.

Rangi ya kopo ya kupulizia usiiguse hapa. Viyeyushi vyake hula foamu, na hata baada ya mikono miwili kitundu kimoja kilichosahaulika chatosha kuchimba shimo ndani ya jiwe.

Hatua ya 6: Rangi

Kwanza kijivu kizito: kijivu sehemu 3, nyeusi 1, kahawia kidogo. Kipake juu ya mawe yote kwa brashi iliyofutwa nusu, ukiacha nyeusi kwenye viungo. Kahawia ni ya lazima; kijivu cha nyeusi na nyeupe peke yake kikikauka hugeuka bluu na gofu huonekana la plastiki.

Pili kijivu cha kawaida kwa brashi kavu. Chovya ncha, futa kwenye kadibodi hadi isiache karibu chochote, kisha pitisha upesi kwa kukingama na viungo. Tishu haifai kufutia kwa sababu hunyonya maji yote na kuacha rangi ya unga inayotoa vumbi.

Tatu, chagua jiwe moja kati ya sita hivi na ulipake rangi nyembamba ya maji: mengine kahawia, mengine manjano ya udongo, machache kijani kilichofifia. Yatawanye, yasipangwe. Yataonekana makali mno, usiogope.

Nne, maji ya kivuli: rangi ya kahawia-nyeusi sehemu 1, maji sehemu 12, na tone moja la sabuni ya vyombo ili maji yasijikusanye vidonge. Yapake kote, na popote yanapotuama yafyonze kwa brashi kavu. Sabuni ikizidi utapata povu, na kila kiputo hukauka kikaacha duara. Subiri saa tatu kamili. Ukipitisha brashi kavu juu ya kivuli kibichi, utakibandua pamoja na kilicho chini yake.

Tano, kijivu cheupe chenye manjano ya udongo kidogo, juu ya kingo za juu tu, kama jua linavyoanguka. Mbao zisifanane na mawe: kahawia, kivuli, kisha kijivu cha kahawia kwa brashi kavu, kwani mbao zilizokaa nje hupoteza wekundu wake. Ardhi ipakwe kahawia nzito, na vumbi lake lilelile lipigwe kidogo kwenye safu mbili za chini za mawe. Bila hilo ukuta huonekana umewekwa juu ya ardhi, haujaota kutoka humo.

Majani huja mwisho. Sponji ya godoro iliyolowekwa kwenye rangi ya kijani, ikakaushwa na kusagwa, hutoa kichaka kizuri. Nyuzi za kamba ya katani zilizokatwa mm 15 ni nyasi ndefu bora kuliko nyingi za kununua. Chovya ncha kwenye gundi na uzisimamishe kwenye pembe ambazo mguu hauzifikii.

Ukitaka gofu la pwani

Magofu ya Gede karibu na Watamu, au ya Kilwa Kisiwani, yana ujenzi tofauti, na ukitumia mistari ya hapo juu utakosea. Kuta zile ni za matumbawe yasiyochongwa yaliyoshikwa kwa chokaa, bila safu. Hapa tumia foamu ya mm 10, kwani ukuta wa nusu mita kwa kipimo hiki hutoka karibu mm 9. Usichore mistari, ibonyeze foamu yote kwa brashi ya waya, ikijaa vishimo, kisha paka puti yenye unga wa mchanga kwa mabaka ya mm 1. Ikianza kukaza, bandua kingo zake ili lipu ionekane imeanguka na matumbawe yachungulie chini.

Vyumba viwe vyembamba. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti uliweka mpaka wa upana wa chumba, mita mbili na nusu au kupita kidogo. Kwa kipimo chetu ni mm 50, yaani vitako viwili vya mm 25 bega kwa bega. Mchezo ndani ya korido kama hiyo ni mkali sana. Kijiti cha mishikaki cha mm 3 ni boriti tayari. Mlango uwe na tao lenye ncha juu, na ukuta wa ndani uchimbe vidaka vya mm 12 × 18.

Rangi isianze na kijivu. Anza na kahawia hafifu, panda kwa rangi ya mtama hadi karibu nyeupe, kisha teremsha michirizi myeusi myembamba kutoka ukingo wa juu, pale mvua inapopita. Kwa mizizi iliyokumbatia ukuta, fungua kamba ya katani, ilowanishe kwa gundi na uitandaze kutoka juu ya ukuta hadi ardhini, ikigawanyika kila inapokutana na uwazi.

Vanishi na kutunza

Tumia vanishi ya maji isiyong'aa, mikono miwili myembamba kwa brashi laini. Ya kupulizia hugeuka ukungu mweupe hewa ikiwa na unyevu mwingi, na wakati wa masika hakuna saa salama ya kuipulizia nje. Gundi ya mbao iliyopunguzwa si mbadala wa vanishi: hung'aa, na ikipata maji hulegea tena.

Hifadhi gofu kwenye boksi limesimama, si limelala juu ya ukuta, na sakafu ya vijiti isiguswe na kitu. Kwenye gari usiliache juani. XPS huanza kulegea karibu nyuzi 75, na juu ya dashibodi iliyofungiwa joto laweza kukaribia hapo kabla hujamaliza chakula cha mchana.